Fremu ya mbio ya chuma: kwa nini hukatika kando ya kiungo, na uunge kwa moto gani

Swali: Mimi ni fundi wa mageti na vitanda, Mwanza. Nina mashine ya kuchomelea ya umeme na mitungi ya gesi, oksijeni na asetilini. Nimeletewa kutoka Italia seti ya mabomba ya kampuni ya Columbus ya krom-moli (chuma chenye kromi na molibdeni), ukuta 0.8/0.5/0.8, nataka kutengeneza fremu ya baiskeli ya mbio ya magurudumu ya 700. Niunge kwa stiki (rodi za umeme), kwa brasi, au kwa zile fimbo za silva za mafundi wa friji? Nauliza kwa sababu fremu ninazoletewa zimekatika karibu zote pembeni ya kiungo, si kwenye kiungo chenyewe, na sijaelewa kwa nini.

Jibu: Fundi, stiki iweke kando kabisa. Kwa mabomba hayo unga kwa silva kama utapata soketi za fremu, zile zinazoitwa lagi. Kama huna soketi, unga kwa brasi. TIG, yaani weldi ya umeme inayokingwa kwa gesi ya argoni, naiweka ya tatu, na ni kama tu unayo mashine yenye pedali ya mguu. Fimbo za friji usizitumie, na sababu yake nitaieleza. Lakini kitakachoamua kama fremu itakaa miaka ishirini au msimu mmoja ni tupa, yaani ncha ya bomba inavyolala juu ya bomba jingine kabla hujawasha moto, na kwa hiyo tupa nitaikalia kuliko moto.

Anza na zile namba tatu. Ukuta ni milimita 0.8 kwenye ncha mbili na nusu milimita katikati. Kwa nje bomba ni sawa mwanzo hadi mwisho, unene umefichwa ndani. Ufundi huo ni wa zamani: Alfred Reynolds wa Birmingham aliupatia hataza mwaka 1897. Ncha zimeachwa nene kwa sababu ndiko moto unakopita na ndiko mzigo unakokusanyika, katikati pamepunguzwa ili uzito utoke. Bomba la kipenyo cha 28.6 lenye ukuta wa nusu milimita lina gramu kama 350 kwa mita. Lipe ukuta wa 1.5, kama la geti, linakuwa kilo nzima kwa mita.

Watu wengi hudhani krom-moli inapinda kidogo kuliko chuma cha geti. Hapana. Vyuma vyote hunesa karibu sawasawa chini ya mzigo uleule. Tofauti ni kwamba krom-moli inabeba mzigo mkubwa zaidi kabla ya kupinda moja kwa moja au kuingia ufa. Hiyo ndiyo inayompa fundi ruhusa ya kupunguza ukuta. Unesaji unatibiwa kwa kipenyo: ukitoka 28.6 kwenda 31.8 na ukuta ukabaki uleule, ukakamavu unaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo usimbadilishie mteja bomba la chini kwa lenye kipenyo kidogo kwa kuwa “ni krom-moli, litatosha”. Litatosha kwa nguvu, ila akisimama kwenye pedeli mlimani atasikia fremu inacheza.

Sasa nyufa zako. Kwenye kiungo chuma ni kingi: bomba, soketi au mkunjo wa brasi iliyojengwa kwenye kona, na bomba la pili. Sentimita moja mbele chuma ni bomba peke yake. Mzigo unapita kwenye sehemu nene bila shida, ukifika pale unene unapokatika ghafla unajikusanya kwenye mstari mmoja. Mstari huohuo ndio uliopikwa na moto. Kila shimo la barabarani na kila teke la pedeli linaupinda kidogo, na baada ya mizunguko mamia ya maelfu unaanza ufa mdogo kama unywele. Ndiyo maana mahali pa kwanza pa kutazama ni upande wa chini wa bomba la chini, nyuma tu ya bomba la usukani, na mahali pa pili ni mguu wa nyuma wa chini upande wa mnyororo, karibu na bomba fupi linalobeba ekseli ya pedeli.

Lakini fremu iliyotengenezwa vizuri inao mstari huohuo na haikatiki. Kinachoiua fremu ni makosa yanayoongezwa juu yake. La kwanza ni ncha ambayo haikukaa: pengo limejazwa brasi, bomba haligusi bomba, soketi peke yake inabeba kazi yote. La pili ni joto lililozidi au lililokaa muda mrefu mno. Chembe za chuma zinakua kubwa na chuma kinapoteza ustahimilivu. La tatu ni bomba lililokatwa vibaya, sehemu nene ikatupwa na moto ukaishia kwenye nusu milimita. La nne, ambalo mafundi wa mageti hulifanya bila kujua, ni kulazimisha: bomba limekuwa fupi kwa milimita mbili, likavutwa kwa klampu, likachomewa likiwa limevutwa. Brasi iliyoyeyuka ikikuta chuma cha moto kilichovutwa hupenya katikati ya chembe zake na kukipasua kwa ndani, na hutaona kitu mpaka rangi ianze kupasuka.

Hizo fremu unazoletewa, kama ni baiskeli za kazi za bomba nene, kuziba ufa kwa muda kunawezekana. Fremu nyembamba usiizibe kwa kiraka. Kiraka kinahamisha mstari wa unene kutoka hapa kwenda sentimita tatu mbele, na huko ukuta ni mwembamba zaidi. Bomba linabadilishwa lote. Tena usipige TIG mahali palipowahi kuingia brasi, hata ukipasaga mpaka pang'ae: shaba iliyobaki ndani inachafua weldi na inapasuka ikipoa.

Turudi kwenye tupa.

Kabla ya kukata chochote chora fremu kwa ukubwa wake halisi kwenye ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeupe. Mstari wa ekseli mbili, bomba la pedeli likiwa chini ya mstari huo kwa milimita 70, bomba la siti nyuzi 73 na nusu, bomba la usukani nyuzi 73, miguu ya nyuma milimita 410. Uma wa mbele nakushauri ununue. Kwenye fremu ya kwanza usiutengeneze, kwa sababu fremu ikipasuka mara nyingi hulia kwanza, uma ukikatika mtu anaanguka kwa uso. Unaponunua pima mambo mawili: urefu wake kutoka ekseli hadi kitako cha kombe la chini la beringi za usukani, na kiasi ekseli ilivyotangulia mbele ya mstari wa usukani. Kwa tairi la upana wa milimita 25, pembe ya 73 na mtangulio wa milimita 45, gurudumu linagusa ardhi milimita 56 nyuma ya pale mstari wa usukani unapotua. Kosea digrii moja tu, iwe 72, inakuwa 62, na mpanda baiskeli ataona usukani umekuwa mzito kwenye kona. Digrii moja kwenye bomba la usukani la milimita 140 ni milimita mbili na nusu kutoka juu hadi chini. Kwenye geti hazionekani.

Mabomba yatazame kwa ndani kwanza. Elekeza bomba kwenye mwanga wa dirisha, uchungulie: pale ukuta unapoanza kupungua utaona pete ya kivuli. Tia alama kwa nje kwa kalamu ya wino. Ncha nene mara nyingi hazilingani urefu, moja ndefu moja fupi, na ukikata upande mmoja tu ili kufikia kipimo unaweza kuimaliza ile fupi. Gawa ukataji pande mbili, kila upande ubaki na sehemu nene inayopita kiungo kwa angalau sentimita tatu. Bomba la siti ni la peke yake: la kazi ya soketi huwa na ncha nene moja tu, na hiyo inakwenda chini, kwenye pedeli. Juu kunabaki kwembamba ili nguzo ya siti ya 27.2 iingie. Ukiligeuza, nguzo haiingii, na ukilazimisha kwa rima, kile kifaa cha kupanua tundu, utakuwa umekula ukuta wa chuma kizuri bure.

Kisha chora mstari mnyoofu wa urefu wote wa bomba. Wewe unayo engo ya mageti, kile chuma cha pembe. Ilaze juu ya bomba, itajikalia yenyewe, pitisha kalamu kwenye ukingo wake. Mstari huo ndio utakaofanya ncha mbili zitazamane sawa. Bila mstari, ncha ya mbele itakaa, ya nyuma itakuwa imezunguka digrii mbili, na utaanza kulazimisha.

Ncha inachongwa kwa mdomo wa samaki, yaani mkato wa mviringo unaokumbatia bomba jingine, nawe unaujua kwenye bomba za geti. Tofauti ni ukali wa kipimo. Chukua bomba la chini la 28.6 likikutana na bomba la usukani la 36 kwa pembe ya mraba: kina cha mdomo ni milimita 7. Bomba la 28.6 likikutana na lenzake la 28.6, kama bomba la juu linapogusa bomba la siti, kina ni nusu ya kipenyo, 14.3, na masikio mawili ya pembeni yanabaki makali kama kisu. Namba hizo zitumie kukagua karatasi yako ya kuchorea kabla hujakata. Pembe ikiacha kuwa mraba, upande mmoja unaongezeka na mwingine unapungua.

Zungushia karatasi, chora, kata kwa msumeno ukiacha milimita mbili nje ya mstari, halafu malizia kwa tupa ya nusu mviringo ambayo mviringo wake ni mdogo kidogo kuliko bomba litakalopokea. Bomba usilibane jiliwani moja kwa moja, ukuta wa nusu milimita utabonyea. Tengeneza vipande viwili vya mbao vilivyotobolewa kwa kipenyo chake na kupasuliwa katikati. Sukuma tupa mbele tu, iinue ukirudi, na usikilize: ikigusa chote inatoa sauti moja, ikigusa sehemu mbili inarukaruka. Kila baada ya misukumo mitano au sita weka bomba mahali pake, washa tochi nyuma yake, tazama mwanga unapotoka. Paka wino bomba linalopokea, gusisha, ondoa; wino ulipong'ang'ania ndipo pa kupunguza.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu 0.1. Kipande cha karatasi hiyo kikipita popote kwenye kiungo bila kukwama, bado hujamaliza. Ncha moja ikikuchukua saa nzima mara ya kwanza, hiyo ni kawaida. Ukizidisha tupa upande mmoja, usifidie kwa brasi, chonga upande wa pili wa bomba ulingane nao na usogeze mchoro, au tafuta bomba jingine.

Sasa moto. Kila chuma kina moto wake, na wenye viwanda walilijua hilo mapema. Bomba la Reynolds 531 la mwaka 1935, la manganizi na molibdeni, liliungwa kwa soketi na brasi au silva, halikutengenezwa kwa weldi ya kuyeyusha bomba lenyewe. Ilipokuja 753 mwaka 1976, yenye kuta nyembamba zaidi, fundi alitakiwa kupeleka viungo vya majaribio kabla ya kuuziwa, na ilikuwa silva tu. 853 ya mwaka 1995 ikaja kinyume chake: inakuwa ngumu zaidi ikipoa hewani baada ya weldi, kwa hiyo TIG inaifaa. Krom-moli yako inakubali njia zote tatu. Kisichokubalika ni stiki, kwa sababu rodi ya 2.5 inataka ampea 70 na zaidi, na kwa moto huo ukuta wa 0.8 unatoboka kabla hujasogeza mkono. Hata ukipata rodi nyembamba ya 1.6, kuwasha, kuzima na kusafisha slagi kuzunguka bomba la duara kunaacha vishimo pembeni mwa weldi, na kila kishimo ni mwanzo wa ufa.

Silva ninayoisema ina fedha asilimia 45 hadi 56, iliyochanganywa na shaba na zinki. Ile ya 56, yenye bati kidogo, inayeyuka kati ya nyuzi 620 na 650 za Selsiasi. Muundo wa ndani wa krom-moli unaanza kubadilika karibu nyuzi 750, maana yake ukiwa makini bomba halijui kama limeunganishwa. Fimbo za friji nyingi ni kitu kingine: ni shaba nyekundu na fosforasi, zikiwa na silva kidogo, asilimia 2, 5 au 15. Zimekusudiwa shaba kwa shaba. Juu ya chuma, fosforasi inaungana na chuma na kuweka utando unaovunjika kama glasi. Kiungo kitang'aa vizuri, utapiga picha, kitaachia barabarani. Soma lebo: ikiandikwa BCuP acha, ikiandikwa BAg endelea kusoma. BAg-7 ndiyo ya asilimia 56. BAg-1 ina kadimi, na moshi wa kadimi unaharibu mapafu mpaka kuua. Hata ukipewa bure usiiwashe.

Silva inapenda pengo dogo, kati ya 0.05 na 0.15. Ikiwa pana zaidi inashindwa kupanda na inabaki dhaifu. Kwa hiyo bomba liingie kwenye soketi kwa mkono bila kutetemeka na bila nyundo. Safisha kwa msasa ndani na nje mpaka chuma king'ae, futa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole vyenye mafuta. Flaksi, yaani dawa inayosafisha chuma wakati wa kuunga, iwe nyeupe ya silva, ya kuweka kama uji mzito. Boraksi peke yake haifai hapa, inayeyuka karibu nyuzi 740, silva imeshapita. Fungua dirisha na mlango, flaksi hiyo ina floridi.

Toboa matundu ya hewa kabla ya kuunga: tundu la milimita 4 au 5 kwenye bomba la usukani na la siti, mahali ambapo bomba jingine litafunika. Mafundi wa mageti huliruka hili, na kwenye geti halina madhara. Hapa bomba lililozibwa pande zote likipata joto, hewa inavimba na kusukuma silva nje wakati unaiingiza ndani. Ikipoa inavuta. Utabaki na kiungo chenye tundu la sindano na hutajua lilitoka wapi.

Moto wa gesi uwe wa kati, usio na oksijeni iliyozidi, laini, pua ya ukubwa wa wastani. Uelekeze kwenye chuma kinene, yaani soketi au bomba la pedeli, na uupitishe kwenye bomba jembamba kama mtu anayepaka rangi, usisimame. Tazama flaksi, usitazame chuma. Kwanza maji yanachemka na inavimba nyeupe, halafu inakaa kama unga mkavu, halafu ghafla inakuwa maji maangavu kama kioo na unauona uso wa chuma chini yake. Hapo umefika nyuzi kama 600. Gusisha silva: ikiyeyuka kwa kugusa chuma na si kwa kugusa moto, ilishe upande mmoja na uivute kwa moto mpaka itokee ukingo wa upande wa pili kama mstari mwembamba. Chuma kisipite wekundu hafifu wa kivulini. Flaksi ikiwa nyeusi imeungua, silva haitashika tena hapo. Zima, poza, osha, anza upya. Kuendelea kuchoma juu ya flaksi iliyokufa ndiko kunakopika mabomba.

Bomba la pedeli ni zito kuliko mabomba yanayoingia ndani yake, ndipo wengi huharibu: bomba la siti limekuwa la machungwa na bomba la pedeli bado halijaanza. Lipashe hilo peke yake kwa dakika mbili tatu kabla hujagusa kingine.

Kama soketi hazipatikani, brasi bila soketi ni njia nzuri na imara, na kwa mkono uliozoea gesi ni rahisi kuliko inavyosemwa. Inataka nyuzi karibu 900, wekundu unaokaribia machungwa, kwa hiyo muda ndio adui. Hapa boraksi inakubali, flaksi ya brasi ya dukani ni bora. Kwanza lowesha mzizi wote kwa brasi kidogo inayopenya kwenye mshono. Ndipo ujenge mkunjo juu yake, upana wa milimita 6 hadi 8 kila upande wa kona, ukiteremka taratibu kwenye bomba bila ngazi. Ule mteremko ndio unaofanya kazi ya kuondoa mstari wa unene niliousema. Ukiona moshi mweupe, zinki inachemka na umezidisha. Laini mkunjo kwa tupa ya duara na msasa, ila simama kabla ya kugusa bomba: mafundi wengi wazuri wameharibu fremu wakitafuta uzuri, wakala 0.2 ya ukuta pembeni mwa brasi na kurudisha mstari uleule kwa tupa. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki usiyatumie popote, hata kwa jigi (kiunzi cha kushikilia fremu) inayokaa karibu na moto.

TIG kwa ufupi: umeme wa moja kwa moja, tangsteni ya 1.6, argoni safi lita kama 8 kwa dakika, nyingine kidogo ndani ya bomba ili nyuma pasiungue, fimbo ya ER70S-2 isiyozidi 1.2, ampea 35 hadi 55 zikiongozwa kwa mguu. Inahitaji ncha zilizokaa kuliko brasi, kwa sababu pengo linatoboka. Upande wa bomba jembamba usiache mfereji pembeni mwa weldi.

Mpangilio wa kazi: bomba la siti kwenye bomba la pedeli kwanza, ukague mraba, halafu bomba la chini na bomba la usukani, bomba la juu, miguu ya chini, miguu ya juu, vidaraja vinavyounganisha miguu hiyo, na mwisho kabisa vitu vidogo. Shikiza kwa nukta, kagua, rekebisha, ndipo uunge. Vishikio vya chupa viko kwenye sehemu nyembamba ya katikati, kwa hiyo ni silva tu. Nafasi kati ya skrubu mbili za M5 ni milimita 64.

Kosa moja kwenye bomba la pedeli halirekebishiki. Lile la kawaida la Kiingereza lina upana wa milimita 68 na hesi 24 kwa inchi, na upande wa kulia, wa mnyororo, hesi yake inafungwa kinyume. Ukiliunga kinyumenyume utakuwa na fremu nzuri ambayo vikombe vyake vinajifungua vyenyewe kwenye mwendo. Andika “KULIA” kwa kalamu ya rangi kabla ya kila kitu, na kagua kwa kufunga kikombe halisi. Kama ni la Kitaliano, milimita 70, hesi zote ni za kawaida na hofu hiyo haipo. Moto utalivuta kidogo, kwa hiyo baada ya kazi hesi hupitishiwa tapu (kifaa cha kukata hesi) na nyuso zake husawazishwa. Bomba la usukani nalo hugeuka yai. Lipitishie rima kabla ya kupiga makombe.

Unyoofu unapimwa kwa uzi. Funga uzi kwenye sikio la nyuma la kushoto, yaani kipande kinachoshika ekseli ya gurudumu, upitishe mbele ya bomba la usukani, uurudishe kwenye sikio la kulia, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti pande zote mbili. Tofauti ya milimita 1 kati ya pande hizo ni sawa na masikio kuwa nje ya katikati kwa karibu milimita 1, na hiyo inakubalika. Ikifika 3, baiskeli itavuta upande. Krom-moli inakubali kuvutwa baridi, kwa mguu mmoja mmoja wa nyuma, polepole, na kamwe usiivute ikiwa ya moto. Nafasi kati ya masikio iwe 130 kwa gia za kisasa za breki za rimu, 142 kwa ekseli nene ya breki za diski, 126 kwa habu (vitovu vya gurudumu) za zamani za gia sita au saba. Pima habu uliyo nayo kabla ya kuunga, usiamini karatasi.

Ukimaliza, loweka viungo kwenye maji ya moto saa kadhaa mpaka flaksi iyeyuke, ndani na nje, ukitumia yale matundu ya hewa. Flaksi iliyobaki ndani inavuta unyevu na kula ukuta wa nusu milimita kutoka upande usiouona. Kausha juani siku nzima, mimina mafuta mepesi ndani, zungusha, ndipo upake rangi. Rangi ya unga ya kuoka kwenye tanuri la nyuzi 200 haina madhara kwa silva wala brasi.

Na kabla ya kukata bomba hata moja la hiyo seti, tafuta mabomba mepesi ya ukuta wa 1 au pungufu, ya bei rahisi, utengeneze viungo kumi vya majaribio kwa njia utakayochagua. Kila kimoja kikate kwa msumeno kwa urefu, katikati ya mshono, ulainishe kwa msasa na utazame. Brasi au silva iwe imepita ndani kuzunguka kote bila doa jeusi la flaksi iliyonasa, na chuma cha bomba kiwe kinagusa chuma. Nusu iliyobaki ibane jiliwani na uipinde kwa bomba refu mpaka ishindwe: inayofaa inapinda bomba lenyewe, isiyofaa inaachia kwenye mshono. Vitatu mfululizo vikipinda bomba, fungua boksi la Columbus.